Rekodi imetoka tope, klipu imesambaa, na kuna mtu anataka tusaini kabla ya Ijumaa

*"Shikamoo kaka. Sisi ni vijana watano wa Moshi, tunapiga rege ya rutsi, ile ya asili ya Jamaika, ila tunaichanganya na saikedeliki, yaani eko nyingi (mwangwi), gita la fazi linalokoroma, kinanda kinazunguka zunguka. Tuna mwaka na nusu, hatuna lebo wala meneja, vyombo tumechangishana. Mwezi wa tatu mtu alirekodi shoo yetu kwa simu Majengo, klipu ya sekunde 40, imetazamwa zaidi ya mara laki mbili. Shoo iliyofuata walikuja watu 180 kwa kiingilio cha 5,000 wakati tulizoea watu 40. Mwenye baa alichukua laki 3, spika za kukodi laki 2, tukabaki na laki 4. Tukarekodi wenyewe nyimbo tano kwenye chumba Rau, tumebandika trei za mayai ukuta mzima, tukamiksi kwenye laptop. Imetoka tope. Besi inavuma, mwimbaji hasikiki, ukisikiliza kwenye simu besi inapotea kabisa. Sasa kuna bwana mmoja kutoka Dar anatupa milioni 6 tuingie studio kubwa, yeye amiliki masta za albamu na kila tutakachorekodi kwa miaka 7, jina la bendi liwe lake, na achukue asilimia 60 ya shoo. Anataka tusaini kabla ya Ijumaa. Mama wa mpiga besi anasema tuache kabisa, ni muziki wa wavuta bangi. Mpiga dramu naye masikio yanampigia filimbi siku mbili baada ya kila shoo, tunaona kawaida. Kaka, tusaini?"*

Marahaba wadogo zangu. Nimesoma swali lenu mara tatu, mara ya tatu nimelisoma kwa sauti kwa mwenzangu hapa studio Arusha, maana limenirudisha mbali sana, huko mbele nitawaambia kwa nini. Jibu fupi kwanza ili mpumue: msisaini karatasi hiyo kama ilivyo, na Ijumaa isiwatishe. Mtu anayetaka kukaa na nyie miaka 7 hashindwi kuwasubiri wiki tatu mkaisoma.

Sasa jibu refu. Nikiwasoma vizuri naona kinachowasukuma kusaini ni lile tope. Mmesikiliza mlichorekodi, mkalinganisha na kile watu walichokipenda kwenye klipu, mkanyong'onyea, mkaamua tatizo ni vyombo vya bei rahisi, kwa hiyo bila milioni 6 za huyu bwana mtabaki hapo hapo. Tuanzie hapo, kwa sababu hilo wazo likitoka kichwani mkataba wenyewe mtauona kwa macho mengine.

Tope halitokani na bei ya vyombo. Muziki mnaoupiga ulikuzwa na watu waliokuwa na vifaa vichache kuliko nyie. King Tubby pale Kingston, Jamaika, alikuwa fundi wa umeme, anatengeneza redio na amplifaya za watu, na zile dabu zake za miaka ya 70, yaani rege iliyomiksiwa upya, alizifanya kwa mashine ya traki nne, yaani njia nne tu za kunasia sauti. Mtayarishaji wa rege Lee Perry studio yake aliijenga uani kwake mwaka 1973, traki nne vile vile. Nne! Nyie kwenye laptop wimbo mmoja nina uhakika mmepita 30. Walichokuwa nacho wale ni mikono, yaani mtu kakaa kwenye miksa anafungua na kufunga, anaondoa gita, anaacha besi na dramu peke yake zitembee, neno la mwisho la mwimbaji analitupia kwenye eko halafu analikata. Na traki zikiwa nne huna pa kuficha uamuzi, inabidi uchague kipi kisikike sasa hivi na kipi kingoje.

Nimtaje mama hapa hapa, kwa heshima yake. Neno saikedeliki kweli lilianzia kwenye madawa, lilitungwa na daktari Humphry Osmond miaka ya 50, hilo simfichi. Lakini ule mlio wenyewe, ile eko inayorudi na lile gita linalopumua, ni kazi ya mafundi na nyaya, anaweza kuupiga mtu ambaye hata soda hanywi. Mwalikeni mazoezini siku moja mchana, akae kwenye kiti, mwanawe ampigie besi dakika kumi, mtaona. Na hofu yake msiipuuze, bangi sheria ya nchi iko wazi, mkikamatwa nayo chumba cha mazoezi mmekipoteza, shoo za mahotelini mmezipoteza, na yeye ndiye atakayekuja kulala kituoni kuwasubiri. Mwekeeni mama huo uhakika.

Turudi kwenye eko, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ugonjwa ulipo.

Ile mashine ya Roland Space Echo ya mwaka 1974, ambayo kuna programu zinazouiga mlio wake, ndani ina mkanda wa tepu uliounganishwa ukawa duara. Kuna kichwa kinachorekodi, halafu mbele yake vichwa vitatu vinavyosoma. Sauti inaingia, inasafiri na mkanda, inasomwa ikiwa imeshachelewa, kisha sehemu yake inarudishwa kurekodiwa tena, na tena. Kila mzunguko tepu inakula kidogo, makali ya juu yanapungua na uzito wa chini unapungua, ndiyo maana eko za zamani zinaenda zikififia kama mtu anayeishilia kwenye ukungu wa asubuhi. Lakini eko za kawaida za kwenye laptop usipozigusa zinarudisha sauti ile ile nzima na uzito wake wote, mara tano, mara sita. Sasa nyie mmeweka eko kwenye gita, kwenye kinanda, kwa mwimbaji na kwenye snea, ile dramu ndogo ya mlio mkali, kila moja inarudi na mzigo wake wa chini, na mizigo yote hiyo inamwagikia pale pale besi inapokaa. Hilo ndilo tope mnalolisikia. Mmelimwaga wenyewe, kwa hiyo kulizoa pia mnaweza.

Eko msiibandike juu ya gita moja kwa moja, ipeni chaneli yake ya pembeni, gita liwe linaitumia sauti kidogo kidogo. Kwenye hiyo chaneli kateni kila kitu chini ya hezi 250, yaani mitetemo 250 kwa sekunde, na juu ya hezi 4,000 teremsheni. Papo hapo mtasikia dirisha limefunguliwa. Halafu muda wake. Wimbo wa biti 72 kwa dakika, biti moja ni milisekunde 833, unagawanya 60,000 kwa 72. Robo tatu yake ni 625. Ukiweka 625 eko inadondoka kabla tu ya biti inayofuata, kwenye uwazi, inausukuma wimbo mbele. Ukiacha ile 500 iliyokuja na programu inatangatanga, inagongana na mkwaruzo wa gita, msikilizaji hajui kimemkera nini ila anazima. Na kumbukeni kwenye wan dropu, lile pigo la rege, dramu kubwa inapiga biti ya tatu, ya kwanza inaachwa wazi. Ule uwazi ndio rege yenyewe. Mkiujaza eko mmeifuta rege, imebaki kelele yenye rasta.

Mwaka jana bendi moja ya vijana wa hapa Arusha waliniletea wimbo wa traki 41, wanalalamika hivyo hivyo, tope. Nikazifunga zote. Nikafungua besi na dramu tu, mpiga besi akasogea mbele kwenye kiti, hakusema kitu. Nikaongeza gita la biti, kavu, bila eko hata chembe. Kisha kinanda, kisha mwimbaji, kisha eko moja tu kwenye neno la mwisho la kila mstari wa nne, naitupia kwa kidole. Tukasikiliza mpaka mwisho zikiwa traki 9, na hakuna aliyeuliza zile 32 ziko wapi. Yule mwenye gita la fazi alikuwa karekodi sehemu sita zilizopandana, tukabakiza moja, ikasikika kubwa kuliko sita zote, kwa sababu sasa ilikuwa na pa kukaa.

Trei za mayai. Jamani zitoeni. Waya wa chini kabisa wa besi, ile E, unatetemeka mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa mita 8 na kitu. Trei ina unene wa sentimita tano. Haiwezi kulizuia hilo wimbi, inachopunguza ni makali kidogo ya juu, kwa hiyo chumba kinabaki na mngurumo mtupu, mmeuongeza ugonjwa wenyewe. Na lile karatasi lote ukutani na nyaya zenu zile za kuungaunga, cheche moja tu. Wekeni magodoro mazito kwenye kona, mawili mawili, muachie nafasi nyuma yake, na mablanketi ya mitumba ya pale Memorial myatundike yakiwa yamekunjwa mara mbili. Besi yenyewe irekodini kwa waya moja kwa moja bila maiki, chumba kisiiguse kabisa.

Kuhusu besi kupotea kwenye simu, kile kispika cha simu sauti za chini hakizitoi, chini ya hezi 200 hivi kinakuwa kimya au karibu na kimya. Mkiongeza besi hakisaidii, mnaharibu kwenye spika kubwa tu. Ila sikio letu lina jambo zuri sana, likisikia ndugu wa juu wa ile sauti, yaani 205, 246, 287, 328, linaijaza lenyewe ile 41 ambayo haipo. Kwa hiyo isageni besi kidogo, kidogo kabisa, ile saga ya amplifaya iliyochoka, ili hao ndugu wa juu watokee. Kwenye simu besi itarudi.

La mwisho la ufundi halafu tuhamie kwenye pesa: msirekodi mmoja mmoja. Watu waliwapenda kwenye klipu kwa sababu mlikuwa mnatazamana. Dramu, besi na gita la biti pigeni pamoja, chumba kimoja, mara nne au tano, mchague moja yenye roho, mwimbaji na kinanda waongezwe baadaye. Likitokea kosa dogo na biti inatembea, liacheni.

Sasa pesa, nitumie hesabu zenu wenyewe. Shoo moja ya watu 180 mlibaki na laki 4. Mimi natoza laki moja na nusu kumiksi wimbo, nyimbo tano ni laki saba na nusu, kwa hiyo shoo mbili kama ile na EP yenu, yaani hizo nyimbo tano, imemalizika, ni yenu, hamdaiwi na mtu. Kulinganisha: yule bwana anataka asilimia 60 ya shoo. Muulizeni 60 ya nini. Kama ni ya kiingilio chote, 60 ya laki 9 ni 540,000, wakati mkishalipa baa na spika kilichobaki ni laki 4. Mngempa vyote mlivyonavyo na bado mkamalizia 140,000 kutoka mfukoni. Kama ni baada ya gharama, yake ni 240,000 kila shoo, shoo moja kwa mwezi kwa miaka 7 ni shoo 84, zaidi ya milioni 20. Kwa kutoa 6. Na hapo bado hatujagusa masta.

Masta nazo tuzielewe. Kwenye muziki kuna mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna rekodi, ndiyo masta, ile sauti iliyonaswa siku fulani kwenye chumba fulani. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Nyie mmekulia Moshi, kihamba mnakijua, lile shamba la ukoo. Utunzi ni kihamba, rekodi ni nyumba mliyoijenga juu yake. Yule bwana anawaambia hapa ninatoa bati na saruji, nyumba iwe yangu, na kila nyumba mtakayojenga miaka 7 iwe yangu, na jina la ukoo pia nilichukue. Mngekuwa mnajadili ardhi wazee wangeshaitwa siku nyingi.

Niwaambie sasa kwa nini swali lenu limenishika. Mwaka 2008 nilikuwa napiga kinanda kwenye bendi ya hapa Arusha, tukaletewa karatasi mbili za Kiingereza, tukasaini juu ya meza ya plastiki huku tunasubiri chipsi, sote wanne, kwa laki mbili kila mmoja. Nilifurahi, nikamnunulia mama kitenge. Miaka mitatu baadaye niko kwenye hiace ya kwenda Usa River nikasikia kinanda changu redioni, kwenye tangazo la biashara. Vidole vyangu mwenyewe. Nikamwambia abiria wa jirani huyu ni mimi, akanitazama tu. Hatukupata hata shilingi, na tulipouliza tukaonyeshwa sahihi zetu. Bendi ilikuwa imeshavunjika, kila mmoja anamlaumu mwenzake. Mpiga gita wetu hajashika gita mpaka leo. Kwa hiyo nikiwaambia subirini, naongea nikiwa naiona ile meza.

Pia rekodi inaishi kuliko bendi, hili vijana hamlioni. Zambia miaka ya 70 kulikuwa na vijana wanachanganya fazi na ladha za kwao, muziki ule unaitwa Zamrock, bendi mojawapo ni WITCH. Uchumi wa shaba ukaanguka, muziki ukafifia, mwimbaji wao Emmanuel Chanda, Jagari, akaenda kuchimba vito. Miaka ya 2010 rekodi zile zikatolewa upya, watu wa Ulaya na Marekani wakazigombania, naye akiwa mzee akapanda tena jukwaani kuzipiga huko. Karibu miaka 40 imepita. Mnachorekodi Rau mwaka huu kinaweza kuwa na kazi wakati watoto wenu wana watoto, sasa nani atakuwa anakimiliki?

Huyu bwana lakini simwiti tapeli, simjui, na haki yake nimpe. Milioni 6 ni pesa, anaziweka kwa bendi ambayo inaweza kuvunjika mwezi ujao, na pengine ana watu wa redio na wa matamasha ambao nyie hamnao. Kama mmemwona ana kazi za kuonyesha, mrudishieni masharti yenu, kwa adabu, kwa maandishi. Masta zibaki zenu, mumkodishie kama mtu anavyokodisha shamba, miaka mitatu na kwa hizo nyimbo tano tu. Milioni 6 zake zirudi kwanza kutoka kwenye mapato ya rekodi, zikisharudi mgawane, hata 70 zenu kwa 30 zake siyo mbaya. Shoo, apate asilimia 15 mpaka 20 kwa zile alizozileta yeye, zile mnazojitafutia wenyewe asiziguse. Jina la bendi halijadiliwi. Akikubali kuzungumza hapo mna mtu wa kazi. Akinuna akasema mnakosa bahati, basi amewajibu.

Njia ya pili ni kukataa na kwenda wenyewe polepole, na sitawadanganya, inachosha. Mtakuwa mnabeba spika wenyewe usiku, mtu mmoja inabidi awe wa simu na hesabu badala ya kupiga muziki tu, na miezi mingine watakuja watu 60. Mimi ningeichagua hii, kwa mwaka mmoja angalau, kwa sababu leo mna klipu moja tu mkononi, mwakani mkiwa na EP na shoo kumi zilizojaa bei yenu itakuwa nyingine. Ila nyie ndio mnajua nani kati yenu ana mtoto anayesubiri ada.

Na kuhusu kwenda Dar, siyo lazima. X Plastaz walitokea hapa hapa Arusha, wakachanganya hip hop na uimbaji wa Kimaasai, wakazunguka Ulaya wakiwa ni watu wa Arusha kweli kweli. Nyie mna kitu adimu, mnapiga laivu. Tamasha la Sauti za Busara pale Zanzibar, linafanyika Februari tangu 2004, wanataka watu wanaopiga laivu, na wanachagua bendi mapema sana, kwa hiyo rekodi ya shoo yenu nzima dakika 20, kamera mbili na sauti safi, ina thamani kwenu kuliko video ya kukodi gari.

Ile laki mbili ya klipu isiwalevye. Sekunde 40 mtu anatazama akiwa chooni. Spotify, ule mtandao wa kusikiliza muziki, iko hapa nchini tangu 2021, na siku hizi wimbo usipofikisha strimu 1,000, yaani kusikilizwa mara 1,000, ndani ya miezi 12 haulipwi kitu, na strimu inahesabiwa mtu akivuka sekunde 30. Namba niliyoipenda kwenye barua yenu ni nyingine, watu 140 wapya waliotoa 5,000 yao wakapanda boda kuja Majengo. Shoo inayofuata wekeni daftari mlangoni, jina na namba ya simu kwa anayependa, baada ya miezi mitatu mhesabu wangapi wamerudi. Hao ndio watanunua EP, ndio watajaza ukumbi mvua ikinyesha.

Kuna mambo ambayo kwa maandishi siwezi kuyamaliza, inabidi mwende kwa watu. Mkataba wowote, huu au mwingine, mpelekeeni wakili kabla ya kushika kalamu, mchangiane, kumlipa asome kurasa chache ni pesa ndogo kuliko miaka 7. Kama ni wa Kiingereza mwambieni awaelezee kipengele kwa kipengele kwa Kiswahili, na muulize swali moja: tukitaka kutoka, tunatokaje? Nyimbo zisajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, bendi BASATA, baraza la sanaa, jina lipelekeni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na mkijua kwamba kusajili jina la biashara na kusajili alama ya biashara ni vitu viwili, ulizieni vyote. Afisa Utamaduni wa manispaa atawaelekeza pa kuanzia, msimwogope. Na kabla ya yote hayo kaeni watano, mwandike karatasi moja, nani katunga nini na kila wimbo unagawanywa vipi, msaini nyie kwa nyie. Sisi hatukuwa nayo hiyo, na ndiyo iliyotuua kabla hata ya yule wa laki mbili.

Mpiga dramu. Hapana, siyo kawaida. Filimbi ya siku mbili maana yake vile vinyweleo vidogo ndani ya sikio vimepigwa kupita kiasi, na vikifa havioti tena. Wataalamu wa usalama kazini wanasema kelele ya desibeli 85 mtu anaivumilia saa 8, ila kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, ikifika 100 ni dakika 15 tu, na mtu aliyekaa katikati ya matoazi chini ya paa la bati anaipita hiyo kwa urahisi. Aende hospitali ya KCMC idara ya masikio, pua na koo, apimwe, aende wiki hii, hata kama Ijumaa mna kikao na yule bwana. Mpaka hapo mazoezi apige na viziba masikio vya sponji vya dukani, nanyi wengine pia, na ile spika ya jukwaani igeuzwe isimtazame kichwani.

Mkishafanya hayo ya chumba na mkarekodi upya, nileteeni nisikilize, ya kwanza sitawatoza. Njooni na diski, msinitumie kwa WhatsApp maana inaweza kuikamua sauti mpaka nisiweze kuwaambia kitu cha kweli. Kila traki peke yake, faili za WAV, zote zianzie sekunde ya sifuri, na eko zote mzizime, tutaziweka pamoja hapa, kila mmoja wenu ashike kitufe chake. Na mpiga dramu aje na karatasi ya daktari.